Bustani Iliyosahaulika Milimani: Gawa Kazi, Lipa Kipande kwa Kipande

Somo la leo ni la mtu aliyehamia nyumba yenye uwanja mkubwa, au aliyekaa ndani yake miaka mingi bila kuushika, na sasa anataka kuurudisha. Tumechagua mtaa wa Milimani, Nakuru, kwa sababu wengi hapo watalitambua tatizo hili: nyumba ya zamani yenye uwanja mpana, fensi ya kayaba iliyopita urefu wa mtu, bogenvilia iliyopanda hadi kwenye mabati, na nyasi iliyomeza njia ya kwenda langoni.

Ukimaliza kusoma utajua mambo matatu: kazi gani uifanye mwenyewe, kazi gani umwite mtu, na jinsi ya kulipa kwa simu bila wewe kupoteza pesa wala yeye kupoteza jasho lake.

1. Neno "kusafisha" ndilo huleta vita

Ugomvi mwingi wa bustani huanza hivi. Mwenye nyumba anamwambia kijana, "Nisafishie huku nyuma." Wanapatana bei. Anatuma nusu asubuhi. Jioni anarudi kutoka kazini:

"Mama, nimemaliza."

"Umemaliza nini na nyasi bado iko?"

"Uliniambia nisafishe. Si nimesafisha? Nimefyeka yote."

Hakuna aliyedanganya hapo. Mmoja alimaanisha kung'oa mizizi na kubeba taka, mwingine alimaanisha kufyeka. Pesa imeshatumwa, na kila mmoja anajiona amedhulumiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, vunja "kusafisha" iwe vipande ambavyo jicho linaweza kuvikagua:

- Kufyeka nyasi na magugu hadi chini.
- Kukusanya taka na kuzipeleka mahali mlipokubaliana.
- Kupogoa fensi na miti midogo hadi urefu mliopima.
- Kung'oa mizizi mahali pa vitanda vya mboga au maua.
- Kulima, kuchanganya samadi na kusawazisha.
- Kupanda.

Kila kipande kina mwisho unaoonekana, na mwisho wa kipande ndipo malipo yake hutoka.

2. Tembea uwanjani kwanza, usinunue kitu

Chukua asubuhi moja, uzunguke na daftari. Piga picha kila kona, kwa sababu baadaye picha hizo zitakusaidia kukumbuka mlianzia wapi. Tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni vilivyo hai bado. Watu hung'oa mimea ya zamani kisha hununua michanga ya aina ileile. Bogenvilia iliyovurugika haijafa. Huchanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo ikikatwa vizuri kabla ya mvua hurudi na nguvu. Kayaba nayo huvumilia kukatwa sana. Nyasi ya kikuyu ni asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na nchi kama Australia huipanda kwenye viwanja vya nyumba na vya michezo. Kama ndiyo iliyojaa kwako, huenda huhitaji kununua nyasi. Unahitaji kuikata mara kwa mara na kuizuia isiingie kwenye vitanda.

Cha pili ni njia ya maji. Milimani iko upande wa chini ya Menengai, na ardhi huteremka kuelekea ziwa. Udongo wa Nakuru ni wa volkano, mwepesi. Wakati wa kiangazi ni vumbi, na mvua kubwa ikija hubebwa haraka. Angalia mahali maji yamechimba mfereji au kuacha mchanga. Vitanda vyako vilale kukingama mteremko, visifuate mteremko kwenda chini. Hilo peke yake litaokoa samadi utakayoilipia.

Cha tatu ni hatari. Angalia vioo, mashimo yaliyofunikwa na nyasi, na matawi yanayogusa nyaya za umeme. Tawi lililogusa waya si kazi ya kijana mwenye panga. Piga simu kwa Kenya Power kwanza. Na kabla ya kuangusha mti mkubwa, uliza ofisi ya kaunti kama unahitaji kibali.

Kama wewe ni mpangaji, kuna hatua moja zaidi: zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoa hata shilingi. Nani analipia? Je, gharama itakatwa kwenye kodi? Ukihama, miche ni ya nani? Mkikubaliana kwa mdomo, mtumie ujumbe wenye maneno hayo na usubiri akujibu "sawa".

3. Ipi yako, ipi ya fundi?

Kazi inayotaka macho na subira ifanye mwenyewe: kuchagua kitakachobaki, kupima vitanda, kupanda miche, kumwagilia na kung'oa magugu machanga kama kishona nguo kabla hayajatoa mbegu. Nusu saa jioni, mara tatu kwa wiki, inatosha bustani ya kawaida.

Kazi inayotaka nguvu na vifaa mwite mtu: kufyeka nyasi ya kiunoni, kukata kayaba (miiba yake hupenya glavu nyembamba), na kung'oa mizizi. Nyasi ya kikuyu hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia. Kipande cha shina kikibaki udongoni huchipuka tena. Ndiyo maana kulima kitanda kwa jembe la meno na kuokota mizizi kwa mkono huchukua muda, na bei yake haiwezi kuwa sawa na ya kufyeka. Ukiona fundi anataja bei moja kwa zote mbili, muulize tena ameelewa nini.

Taka usizichome zote. Nyasi na majani laini lundika kwenye kona yawe mboji. Jirani akiomba majani ya kulisha mbuzi au ng'ombe, tenga lantana kwanza, kwa sababu ni sumu kwa mifugo.

4. Jinsi ya kulipa

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu, si bei ya soko. Mmepatana kazi ya mikono kwa shilingi 9,000:

- Kufyeka na kutoa taka: 2,000
- Kupogoa fensi: 2,500
- Kung'oa mizizi na kulima vitanda viwili: 3,500
- Kuchanganya samadi na kusawazisha: 1,000

Andika orodha hiyo kwenye ujumbe wa simu au WhatsApp, umtumie fundi, naye ajibu kuwa amekubali. Huo ndio mkataba wenu. Kisha fuata kanuni hizi.

Tenga pesa ya vifaa na pesa ya kazi. Samadi, miche na vifaa vilipe mwenyewe, moja kwa moja kwa anayeuza, mzigo ukiwa umefika na umeuona. Ukimpa fundi pesa ya samadi ndani ya pesa ya kazi, baadaye hakuna atakayejua ipi ilienda wapi.

Lipa kipande kikikamilika, siku hiyohiyo. Hii ni kanuni ya pande zote mbili. Usitume 9,000 asubuhi ya kwanza, lakini pia usimwambie mtu aliyeshinda juani, "Nitakutumia kesho." Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtambua mfanyakazi wa kibarua kuwa ni yule anayelipwa mwisho wa siku. Jioni ya kibarua ina unga wa kununua na nauli ya kurudi nyumbani. Akihitaji kidogo asubuhi kwa nauli au chakula, mpe, mkiandika kuwa itatolewa kwenye kipande cha kwanza.

Patana kuhusu ada mapema. Kutuma mara nne hugharimu zaidi kuliko kutuma pesa hiyohiyo mara moja. Hesabu tofauti hiyo kama gharama ya usalama wako. Na lile swali la kila siku, "Utaniwekea na ya kutoa?", lijibiwe siku ya kupatana, si siku ya kulipa.

Soma jina kabla ya kuthibitisha. Ukituma kwa M-PESA, jina la mpokeaji huonyeshwa kabla pesa haijaondoka. Kama jina si la mtu mliyepatana naye, simama umuulize. Wengine hutumia laini ya ndugu, na hilo si kosa, lakini akuandikie ujumbe kwamba pesa ipelekwe kwenye nambari hiyo. Ukikosea nambari, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja kuomba pesa irudishwe. Usikae, kwa sababu pesa iliyokwisha kutolewa ni ngumu kurudi.

Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha. Kwenye daftari lako andika tarehe, kipande, kiasi na herufi za muamala. Ukifuta ujumbe kwa bahati mbaya, unaweza kuomba taarifa ya akaunti kupitia *334#.

Kuna jambo lingine la sheria watu husahau. Kijana aliyekuja "siku mbili tu" akiendelea kufanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja kwa jumla, sheria hiyohiyo humhesabu kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, na ana haki ya notisi. Kama unamhitaji kwa muda mrefu, kaeni chini mpatane upya.

5. Samadi, miche na maji: nunua kwa hesabu

"Mzigo wa samadi" hauna kipimo. Anza na kitanda chako. Kitanda cha upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5 kina mita 6 za mraba. Tabaka la sentimita 5 la samadi litahitaji lita 300, yaani wilbaro tano za lita 60. Sasa unajua cha kuagiza. Weka mkono ndani ya samadi kabla ya kulipa: iliyoiva ni nyeusi, hupukutika, na haina joto wala harufu kali. Mbichi huunguza miche.

Kitanda hicho kitabeba miche kama 20 ya sukuma wiki kwa mistari miwili, na ndani ya miezi miwili utaanza kuchuma. Nenda nasari mwenyewe uchague miche mifupi yenye shina nene. Jihadhari na tangazo la mtandaoni lenye picha nzuri ya nyasi na maua ambalo linataka malipo ya awali kabla hujaona kitu. Kama muuzaji ana nambari ya biashara ya Lipa na M-PESA, hakikisha jina linalotokea ndilo la biashara unayoijua. Na hakuna muuzaji, hata wa maua, anayehitaji namba yako ya siri.

Panga kupanda kufuata mvua. Masika huanza karibu Machi hadi Mei, Nakuru hupata mvua nyingine mnamo Agosti, kisha vuli kuanzia Oktoba. Fyeka na kung'oa mizizi kukiwa kukavu, wakati mizizi iliyotupwa juani inakauka na kufa, halafu uwe tayari na miche mvua ikianza. Ukipanda Januari utakuwa unalipia maji kila siku.

Kuhusu maji, paa lako ni mali. Paa lenye eneo la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 1,000. Hata ukipoteza kiasi kwenye mifereji, tangi dogo litajaa kwa mvua moja nzuri.

6. Baada ya kazi kwisha

Bustani nyingi husahaulika mara ya pili kwa sababu pesa yote iliishia kwenye wiki ya kwanza. Ukiwa na 12,000, usitumie zote. Acha sehemu ya kumlipa mtu siku moja kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mitatu, ili ashughulikie nyasi inayochipuka vitandani. Miezi hiyo ndiyo itakayoamua kama mizizi ya kikuyu itarudi kutawala. Tenga pesa hiyo kwenye akiba ya simu siku ya kwanza, isichanganyike na ya matumizi.

Na kama fundi alifanya vizuri, mwite huyohuyo. Anajua ulipoficha miche, na wewe unajua akisema "nimemaliza" anamaanisha nini.

Zoezi la wiki hii

1. Zunguka uwanja wako na upige picha tano.
2. Andika vipande vya kazi. Weka alama M kwa utakavyofanya mwenyewe na F kwa vya fundi.
3. Pima kitanda kimoja na uhesabu samadi yake.
4. Uliza mafundi wawili bei ya kila kipande, si bei ya "kusafisha".
5. Mtumie uliyemchagua orodha, na usilipe kitu hadi ajibu.

Ukifika hatua ya tano, kazi iliyobaki ni ya jembe.