Sarafu ya Tembo ya Tabora, na Hukumu ya Nakala Zake

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake na Aali zake na Sahaba zake: mlango huu ni katika bayani ya sarafu ya dhahabu iliyopigwa mjini Tabora, na ya zile zinazopigwa leo kwa mfano wake, na sababu ya baadhi ya watu kukusanya za mfano wakaacha za asili, na hukumu ya sharia katika kuziuza na kuziweka.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji, haikwenda kwa sarafu. Burton alipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, vilivyopita mkono kwa mkono vilikuwa merikani na kaniki, ushanga na masango. Waarabu wa Unyanyembe waliihesabu mali yao kwa riale, walakini posho ya wapagazi njiani ilikuwa nguo na ushanga. Basi ni ajabu kwamba mji huo ndio uliokuja kupiga dhahabu.

Sababu yake ni vita. Ilipoanza vita mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na fedha kutoka Ulaya ikakatika. Wadachi wakachapa noti humu humu nchini, kisha mwaka 1916 wakapiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora: heller za shaba kwa matumizi ya kila siku, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Upande wa pili ina tai mwenye taji. Zilipigwa takriban 16,000 tu, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakautwaa mji.

Kwa uchache huo, na kwa uzuri wa tembo yule, bei yake leo imepanda mbali sana juu ya bei ya dhahabu iliyomo. Ndipo zikatokea nakala, nyingi zikiwa za shaba iliyochovywa dhahabu. Wako wakusanyaji wanaozinunua hali wakijua, wala si kwamba wamedanganywa. Wa kwanza ni yule asiyeweza bei ya asili, naye ataka tu kumwona tembo wa Tabora mkononi mwake. Wa pili anayo ya asili, walakini ameifungia benki kwa kuogopa wezi, na nakala ndiyo anayowaonyesha wageni na kuwafundishia watoto tarikhi ya nchi. Hawa wawili hawana lawama. Wa tatu huiweka mahali pa kuonekana ili adhaniwe kuwa na mali asiyokuwa nayo. Huyo amejivika vazi la uwongo, na nia yake ndiyo yenye aibu, si kile kipande cha shaba.

Wala mtu asidhani kwamba kila kupiga kwa mfano ni ghushi. Riale ya Sham, iliyojulikana sana Unguja na Maskati, ina sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, naye alikufa mwaka huo huo. Hata hivyo iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule, Vienna, kisha Roma na London na Bombay katika miaka ya 1930 na baadaye. Haikuwa hadaa kwa wafanya biashara, kwa kuwa uzito wake na fedha yake havikubadilika, na kilichotakiwa sokoni ni fedha. Na Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Warumi, wakapiga nyingine kwa mfano wake huku wakiuondoa msalaba, mpaka Khalifa Abdul-Malik alipopiga dinari ya maandishi matupu mwaka 77 wa Hijra.

Tofauti basi ni hii: mnunuzi ananunua nini? Akinunua fedha, akapata fedha kwa uzito wake, hakudhulumiwa. Mnunuzi wa tembo wa Tabora hanunui dhahabu peke yake. Ananunua mwaka 1916 na karakana ile. Kwa hiyo hata mtu akipiga leo nakala kwa dhahabu ya kweli, kwa uzito ule ule, kisha akaiuza kuwa ni ya asili, hiyo ni ghushi, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliingiza mkono katika chungu la nafaka sokoni, akakuta maji chini yake, akamkemea mwenyewe kwa kuwa hakuweka juu penye maji watu wapate kuona. Maji hayakuifanya nafaka isiuzike. Kosa lilikuwa kuyaficha.

Imamu Ghazali katika *Ihya* ameshikilia sana jambo la sarafu mbovu. Amenakili kwamba kutoa dirhamu moja ya uwongo ni kubaya kuliko kuiba dirhamu mia, maana wizi ni dhambi moja iliyokwisha, bali ile dirhamu huenda mkono hata mkono, na mwenye kuianzisha huandikiwa hali yumo kaburini. Akasema afadhali itupwe kisimani. Nakala iliyo wazi haifiki hapo, maana hailipiwi deni wala bidhaa. Lakini mwenye kuiuza na abainishe, tena kwa alama isiyofutika. Marekani tangu mwaka 1973 sheria yataka neno la kujulisha nakala lipigwe juu ya sarafu yenyewe.

Mwenye kutaka kuipima na aanze na mizani. Ya asili ina gramu 7.168, na upana wa milimita 22. Shaba ya kipimo kile kile hukaribia gramu 4 tu, hata ikachovywa namna gani. Mizani haimfichui aliyetumia dhahabu. Huyo hufichuliwa na mjuzi wa michoro.

Hukumu nazo zatengana. Dhahabu ya asili ni robo tatu ya uzito, yaani gramu 5.376, basi kwa kipimo cha nisabu ya gramu 85, sarafu 15 hazifiki na 16 zafika. Na bei ya dhahabu hutolewa papo kwa papo, mkono kwa mkono. Kuinunua kwa deni hakufai. Nakala ya shaba haina riba ya dhahabu wala zaka ya dhahabu. Yauzwa hata kwa mkopo, ila mfanya biashara huihesabu katika mali yake ya biashara.

Jambo linalosahauliwa ni mirathi. Mtu hufa, katika sanduku lake ikatoka sarafu ya tembo, hapana aijuaye. Ndugu mmoja akaitwaa badala ya sehemu yake ya shamba, kisha sonara akamwambia ni shaba. Au ikahesabiwa shaba, akapewa mtoto achezee, nayo ni dhahabu ya mayatima. Mwenye kuweka nakala na aifunge kwa karatasi iliyoandikwa ni nakala, na mwenye ya asili aitaje katika wasia wake kwa uzito wake, mbele ya mashahidi wawili, angali hai.