Dosie ya barabara: namna Ulaya wanavyopima mradi kabla ya kutoa feza



Tunapopita kwenu, mara nyingi tunaulizwa: "Tuliandika barua ya kuomba barabara, tukatia sahihi sisi wote, mbona jibu halikuji?" Katika somo hili tutatazama namna miradi ya wote, kama barabara, madaraja na viwanja vya ndege, inavyotayarishwa na kupimwa kule Ulaya kabla feza haijatoka. Tunachagua Ulaya sababu wafadhili wa kutoka kule wanasoma dosie zetu kwa mizani ile wanayopimia za kwao. Tena, wao wenyewe walishapoteza feza mingi kwa miradi iliyotayarishwa vibaya, na hasara hiyo wakaiandika wazi.

Tuanze na nchi moja, Ugiriki, juu iko na mifano miwili yenye kutofautiana sana.

Kaskazini ya Ugiriki kuna mji mdogo, Kastoria, wenye kiwanja cha ndege. Njia ya kutulia ndege ilirefushwa ili ndege kubwa zaidi zifike. Mwaka 2014, Mahakama ya Wakaguzi wa Hesabu ya Ulaya ilitoa ripoti juu ya viwanja 20 vilivyopata feza ya Umoja wa Ulaya katika nchi 5. Walikuta kwamba kati ya 2005 na 2012 kiwanja cha Kastoria kiliingiza Euro 176,000, wakati kukiweka wazi kuligharimu Euro milioni 7.7. Ile sehemu iliyorefushwa haikutumiwa hata mara moja na ndege za aina iliyokusudiwa. Mafundi walikuwa wamejenga, saruji ilikuwa pale, ila abiria hawakuwepo. Kwa viwanja vingi, wakaguzi waliona kwamba hesabu ya wasafiri iliyowekwa ndani ya dosie ilikuwa ya juu kupita kiasi.

Mfano wa pili ni daraja la Rio-Antirio, katika nchi ileile. Zamani magari yalivuka mkono wa bahari kwa kivuko, karibu dakika 45. Mahali penyewe ni pagumu: maji yanafika kina cha metre 65, chini hawakukuta jiwe la kusimamishia nguzo, na tetemeko la ardhi linapita mara kwa mara. Serikali haikuwa na feza yote. Njo maana wakafanya ubia: serikali ikatoa sehemu, kampuni ikaweka mtaji wake, na Benki ya Ulaya ya Uwekezaji, yenye makao Luxembourg, ikakopesha Euro milioni 370. Kampuni inakusanya ushuru wa kupita hadi mwaka 2039, kisha daraja linabaki mkononi mwa serikali.

Tazameni tarehe. Mkataba ulitiwa sahihi Januari 1996, lakini ulianza kufanya kazi Desemba 1997. Ni karibu miaka 2 kati ya sahihi na kuanza! Daraja likafunguliwa Agosti 2004, mbele ya tarehe iliyoandikwa. Watu wetu wanachoka wakiambiwa wangoje miezi 6 ya masomo na hesabu. Tunawaelewa, ila wakati huo haupotei bure. (Vivuko havikuisha pale. Wenye kuona ushuru wa daraja ni mkali wangali wanapanda chombo.)

Tusifikiri kwamba kuingiza kampuni kunatengeneza kila kitu. Mwaka 2018 wakaguzi wale wale walitazama miradi 12 ya ubia kati ya serikali na kampuni, katika Ufaransa, Ugiriki, Ireland na Hispania. Kwa barabara kubwa tano za Ugiriki na Hispania ilibidi serikali ziongeze karibu Euro bilioni 1.5 ili kazi imalizike. Magari yaliyopita yalikuwa pungufu ya yale yaliyotabiriwa, mahali pengine hadi 35 kwa mia. Na kuna mikataba iliyotiwa sahihi mbele ya mambo ya mashamba na ruhusa kumalizika. Kampuni ikasimama inangoja, na kungoja huko kukalipwa.

Sasa, mpimaji anatafuta nini ndani ya dosie? Swali lake la kwanza si "mnahitaji nini?" Anauliza: bila mradi huu, mambo yatakuwa namna gani? Hapa njo wengi wetu tunaanguka. Koperative inaandika: "Tunavuna magunia 2,000, barabara itatuletea faida ya magunia 2,000." Hapana. Magunia hayo mnayavuna hata leo. Tuseme kusafirisha gunia moja leo ni franka 8,000, na barabara ikiwa nzuri itakuwa 5,000. Faida ni franka 3,000 mara 2,000, yaani milioni 6 kwa mwaka, pamoja na nyanya na ndizi zinazooza njiani leo. Hesabu hiyo inaonekana ndogo, lakini inasimama. Ile ya kwanza mpimaji anaivunja kwa dakika moja, na kisha hataamini hata ukurasa unaofuata.

Tena, faida ya mbali wanaipunguza. Katika nchi za Ulaya zenye uwezo mdogo zaidi, kwa miradi ya 2014 hadi 2020, walishauriwa kupunguza 5 kwa mia kila mwaka. Kwa hiyo faida ya Euro 100 itakayokuja baada ya miaka 10 inahesabiwa kama 61 leo. Msishangae. Ninyi wenyewe mnajua kwamba gunia la maharagi wakati wa njaa si sawa na gunia unaloahidiwa kwa mavuno yajayo.

Swali la pili: kuna njia nyingine ya bei ndogo? Tuseme mko kilomita 12 kutoka barabara kubwa, na malori yanakwama mahali patatu tu: kwenye matope mawili na kwenye kijito kisichokuwa na bomba la kupitisha maji. Kwa maoni yetu, ombeni kwanza mahali hapo patatu. Mkiomba kilomita 12 zote, mpimaji atauliza mbona hamkufikiri kutengeneza pale panapouma, na dosie itarudi.

Swali la tatu ni la utunzaji, na hapo Kastoria inatusemesha moja kwa moja. Nani atasafisha mifereji? Nani atafunga kizuizi cha mvua ili malori yasipite bulongo ikiwa ingali laini? Mahali kuna kamati ya kutunza barabara (CLER), andikeni kantonye ni wangapi, wanatunza kilomita ngapi kila mmoja, na malipo yao yanatoka wapi. Koperative ikikata franka 100 kwa kila gunia, magunia 2,000 yanaleta 200,000. Hiyo haitoshi kulipa kantonye hata mmoja mwaka mzima. Iandikeni hivyo hivyo, kisha mtaje nani anaongeza: sheferi inayotoza kodi ya soko, au mwingine, na sahihi yake iwe chini. Salongo ni nzuri kwa siku moja ya kufyeka, lakini "watu watajitolea" si jibu ambalo mpimaji atalikubali kwa miaka 10.

Tunarudi kwa ile barua isiyojibiwa. Barabara si mali ya koperative. Mfadhili wa barabara ya wote anahitaji mwenye mradi anayetambuliwa na sheria: sekta, sheferi au ngazi ya juu yao. Koperative inaleta hesabu na kusukuma. Anayeomba ni serikali ya mahali. Pelekeni kwanza kwa chifu wa sheferi na kwa mtawala wa teritware, na mpate sahihi za wenye mashamba ambao migomba yao itaguswa. Bila hizo, mnajitayarishia kesi.

Kazi ya kuanza sasa haihitaji feza. Nunueni daftari moja. Muchague watu wawili wanaojua kuandika, mmoja akiwa mama anayefanya soko, juu yeye anajua bei za kubeba kuliko sisi sote. Kwa juma mbili za kiangazi na juma mbili za mvua, waandike kila siku pikipiki, malori, tshukudu na wenye kubeba kichwani, na bei ya gunia siku hiyo. Siku ya soko iandikwe mbali na siku nyingine. Lori likikwama, waandike mahali na saa ngapi lilikaa. Siku ambayo hakuna kitu kimepita waandike sifuri, wasiruke ukurasa.