Kabla Hujachapa Mwili na Mikoko: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya ni kwa vijana wa Mtwara, Mikindani na Msimbati wanaochonga ubao na kuchora zinki, wakitaka mwili wa mtu na pwani ya Ruvuma vikae kwenye karatasi moja.

Zijue chale kabla ya kuzichora. Wamakonde huziita dinembo. Ngozi ilichanjwa, mkaa ukasuguliwa ndani ya jeraha, ukabaki humo maisha yote. Bati la zinki hufuata njia hiyohiyo: asidi hula mstari, wino huzama mstarini, uso wa bati hufutwa, na karatasi iliyoloweshwa huvuta kilichobaki chini. Ubao ni kinyume chake. Ulipochonga patatoka peupe. Kwa hiyo chale nyeusi zichore kwenye zinki. Ukiamua kuzichonga kwenye ubao, amua ukijua kwamba zitang'aa nyeupe juu ya ngozi nyeusi.

Usinakili uso wa bibi mwenye ndonya ya mdomoni kutoka picha ya enzi za ukoloni. Mara nyingi mpiga picha hakuandika hata jina la bibi huyo, nawe usimfanye tena mtu asiye na jina. Panda Newala, kaa na wazee, omba ruhusa, na uwaonyeshe kazi kabla hujaiuza.

Usimwoteshe mwanamke majani kichwani ukadhani umeunganisha mwili na asili. Hilo ni pambo tu. Tazama viungo vinafanya kazi gani. Mchu huchomoza vijiti vya mizizi kutoka matopeni ili uvute hewa; huo ndio mti wa kuchapa pamoja na mapafu. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda. Huo upe magoti na nyonga za mvuvi anayesukuma mtumbwi. Anayechanganya miti hii miwili hajakanyaga tope, na kazi yake itamsema.

Usikate mikoko hai kutafuta ubao. Mnazi Bay hadi mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Mwembe ulioanguka unakutosha.

Usiguse mafuta ya maganda ya korosho kwa mikono mitupu, ngozi itababuka. Kwa weusi wa wino, tumia masizi badala yake.

Tia asidi kwenye maji. Kamwe usimwage maji kwenye asidi, na usiifanyie kazi chumbani mnamolala watoto. Hapa sitaki mjadala.

Usiige mashetani ya George Lilanga. Mzaliwa huyo wa Masasi, aliyefariki mwaka 2005, alichora zinki pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na masikio yale makubwa ni yake. Jifunze ujasiri wa mkono wake, kisha tafuta viumbe vyako.

Andika namba kwa penseli chini ya kila nakala. Ukimwahidi mnunuzi kwamba zipo 20, chapa 20, kisha likwaruze bati. Nakala ya 21 ni wizi.