Mashine ya Kunakili ya Chapa Ngeni: Je, Fundi Aikubali?

Katika mashamba ya mkonge ya mkoa wa Tanga, mashine inayotenganisha singa na jani huitwa korona. Neno hilo lilizaliwa na jina la mashine zilizoletwa kutoka Ujerumani, lakini siku hizi hutumika hata kwa mashine isiyo ya chapa hiyo. Fundi aliyezoea korona moja hapotei akionyeshwa nyingine: atatafuta mahali jani linapobanwa na mahali linapopondwa. Hata hivyo, beringi ya moja huenda isiingie katika nyingine. Mambo hayo mawili, yaani kanuni inayofanana na kipuri kisichofanana, ndiyo kiini cha somo hili.

Tuseme kwamba fundi wa Ngombezi, katika Korogwe, anazijua vizuri chapa mbili za mashine za kutolea nakala. Shule ya sekondari inamletea mashine ya chapa ambayo hajapata kuisikia, na mitihani imekaribia kwa majuma matatu. Akiikataa, huenda mashine inayoweza kupona ikatupwa. Akiikubali na kushindwa, fedha za shule zitapotea, mitihani itachelewa, na watu hawatamwamini tena. Aamue kwa vigezo gani?

KANUNI NI MOJA

Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba kimoja huko Astoria, mjini New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walisugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa, ili kulitia chaji ya umeme. Waliweka juu yake kioo chenye maandishi, wakakimulika kwa taa kwa sekunde chache, kisha wakanyunyizia bamba unga laini. Unga ulishika mahali ambapo mwanga haukufika. Waliuhamishia kwenye karatasi ya nta na kuupasha moto, na nakala ikapatikana. Mwaka 1959 ilitangazwa mashine ya Xerox 914, iliyoieneza njia hiyo maofisini. Jina Xerox limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "kavu", kwa kuwa wino wake si wa majimaji.

Mashine za kunakili zinazotumia wino wa unga, yaani tona, hufuata hatua sita zile zile:

1. Kutia chaji. Silinda yenye ngozi inayohisi mwanga, ambayo mafundi huiita dramu, hupewa chaji gizani.
2. Kumulika. Mahali panapopigwa na mwanga, ngozi hiyo hupitisha umeme na chaji hutoroka. Hubaki picha ya chaji isiyoonekana kwa macho.
3. Kupaka tona. Chembe za unga, ambazo aghalabu zina kipenyo cha mikromita 5 hadi 10, huvutwa na picha hiyo.
4. Kuhamisha. Karatasi hutiwa chaji kwa upande wa nyuma, nayo huuvuta unga kutoka kwenye dramu.
5. Kuyeyusha. Joto, mara nyingi la karibu nyuzi 180 hadi 200 za sentigredi, pamoja na mgandamizo wa rola, hugandisha unga kwenye karatasi.
6. Kusafisha. Unga na chaji vilivyosalia huondolewa, na dramu huwa tayari kuanza upya.

Mwalimu anaweza kuonyesha hatua ya 1 na ya 3 bila mashine. Chukua bamba kavu la plastiki, andika herufi juu yake kwa kulisugua kwa ncha ya kitambaa cha sufu, kisha nyunyizia poda laini na upulize polepole. Wakati wa masika jaribio hili mara nyingi hushindwa, kwa sababu unyevu huipa chaji njia ya kutoroka. Ndivyo pia karatasi iliyolowa unyevu inavyoweza kutoa nakala hafifu, na mashine ikalaumiwa bure.

KULIKATA TATIZO KATIKATI

Kwa kuwa hatua zinafuatana, fundi anaweza kupima mashine asiyoijua. Aizime wakati karatasi ipo njiani, achomoe waya wa umeme, kisha atazame dramu mahali palipo kati ya hatua ya 3 na ya 4, bila kuiacha wazi kwenye mwanga mkali. Akiona juu yake picha safi ya unga, hatua tatu za mwanzo ni nzima. Hitilafu iko mbele, katika kuhamisha au kuyeyusha. Asipoiona, atafute nyuma. Kwa tendo moja amepunguza nusu ya kazi ya kutafuta, wala hakuhitaji kujua jina la chapa.

Lakini ajihadhari na mtego. Katika mashine za zamani, taa ilimulika waraka, na mwanga ulioakisiwa na sehemu nyeupe uliondoa chaji kwenye dramu. Maandishi yalibaki na chaji, na tona ikaifuata. Mashine za dijitali kwa kawaida hufanya kinyume: leza huondoa chaji penye maandishi, na tona hushika pale pale palipoondolewa chaji. Kwa hiyo, ukurasa mweusi wote katika mashine ya zamani unaweza kuonyesha kwamba taa haiwaki. Katika mashine ya dijitali unaweza kuonyesha kwamba dramu haipati chaji. Dalili ni moja, sababu ni mbili. Hivyo kabla ya kuuliza chapa, fundi hana budi kuuliza: mashine hii ni ya jamii gani?

MASWALI MANNE KABLA YA KUKUBALI

Kwanza, nani aliyeitengeneza? Jina la ubavuni si lazima liwe jina la kiwanda. Kwa miaka mingi mashine za kampuni ya Ricoh ya Japani zimeuzwa pia kwa majina ya Nashuatec, Gestetner na Lanier. Na mashine nyingi za Utax ni za Kyocera. Chapa ngeni yaweza kuwa rafiki wa zamani aliyevaa kanzu mpya.

Pili, inataka umeme gani? Tanzania hutumia volti 230. Mashine iliyotengenezewa Marekani huhitaji takriban volti 120, na ya Japani volti 100. Nguvu ya kipashajoto hulingana na mraba wa volti, ikiwa ukinzani haubadiliki. Kipashajoto cha wati 800 kwa volti 115 kikipewa volti 230 kitavuta wati 3,200, japo kwa kitambo kidogo kabla ya kuungua. Kibao cha nyuma ya mashine kisomwe kabla ya kuichomeka.

Tatu, tona na dramu zinapatikana wapi? Hapa ndipo kanuni moja inapoacha kutosha. Kuna tona yenye chaji chanya na yenye chaji hasi. Iko inayochanganywa na chembe za chuma na isiyochanganywa. Na kila moja huyeyuka kwa joto lake. Tona isiyofaa inaweza kutia nakala weusi, kutogandama kwenye karatasi, au kuharibu sehemu nyingine.

Nne, maelezo ya kiufundi yapo? Mashine nyingi za kisasa husimama na kuonyesha namba ya hitilafu. Pasipo kitabu cha mafundi, namba hiyo ni kama barua iliyoandikwa kwa lugha usiyoijua.

HESABU YA SHULE

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanafunzi 300 wana masomo 9, kila mtihani una kurasa 4: hizo ni nakala 10,800. Ikiwa dramu inauzwa shilingi 180,000 na hudumu kwa nakala 60,000, kila nakala inaibeba kwa shilingi 3, na bei hiyo yaweza kukubalika. Lakini ikiwa dramu itafika baada ya majuma matano, bei haiokoi kitu, maana mitihani itakuwa imekwisha pita. Muda ni sehemu ya gharama.

NJIA YA TATU

Fundi halazimiki kujibu "ndiyo" au "hapana" mara moja. Anaweza kukubali kukagua tu, kwa malipo yaliyopatanwa, na kuandika mpaka wa kazi: atasafisha vumbi, atakagua rola za kuvuta karatasi na kufanya jaribio la kuizima katikati. Hatagusa sehemu ya umeme mkubwa wala kubadili tona kabla hajapata maelezo. Unga usipulizwe kwa mdomo, na dramu ya zamani isikwanguliwe, kwa kuwa nyingine zina seleniamu na aseniki. Baada ya ukaguzi huo, shule itajua ukweli mapema, ikiwa bado ina nafasi ya kupeleka kazi kwingine.

Kwa hiyo fundi wetu akubali kutengeneza iwapo anaweza kutaja hatua iliyoharibika, anajua atakapopata kipuri kabla ya siku inayotakiwa, na anaweza kuirudisha mashine kama alivyoipokea endapo atashindwa. Likikosekana moja, akatae waziwazi na aeleze sababu. Kukataa kwa namna hiyo nako ni kuitumikia shule.

MASWALI YA KUJADILIWA DARASANI

1. Mashine ya dijitali inatoa karatasi nyeupe tupu. Taja hatua mbili zinazoweza kuwa na hitilafu, na ueleze jinsi utakavyozitofautisha.
2. Unga wa nakala unafutika kwa kidole. Ni hatua gani utakayoichunguza kwanza, na kwa nini?
3. Kokotoa nguvu itakayovutwa na kipashajoto cha wati 500 kwa volti 100 kikiunganishwa na volti 230.
4. Chagua mashine nyingine iliyopo kijijini kwenu, kama vile pampu ya maji au mashine ya kusaga nafaka. Ni mambo gani yake yanayofanana kwa chapa zote, na ni yapi yasiyofanana?