SOMO: HALALI KULE, MARUFUKU HAPA



Wengi wetu tuna jamaa Marekani. Huko madukani kumekuwa na peremende na mafuta ya mmea uitwao hempu. Jamaa akituambia, "Hii ni halali, kikundi kiuze," tutajibu nini? Tujifunze kwanza.

1. Hempu ni nini?
Ni mmea ule ule wa bangi, ila una THC kidogo sana, yaani ile kitu inayolevya. Mwaka 2018 sheria ya kilimo ya Marekani iliruhusu hempu ikiwa THC ya aina ya delta-9 haizidi asilimia 0.3 ya uzito wake mkavu.

2. Shimo lilikuwa wapi?
Sheria ilitaja delta-9 peke yake. Wafanyabiashara wakachukua CBD ya hempu, ambayo hailevyi, wakaigeuza kwa kemikali kuwa delta-8, ambayo inalevya. Tena asilimia 0.3 si kidogo ndani ya peremende: yenye gramu 4 hubeba miligramu 12 za THC.

3. Kila jimbo na sheria yake
- Minnesota iliruhusu peremende hizi Julai 2022, miligramu 5 kwa kila mlo, kwa wenye miaka 21 na zaidi.
- Idaho ilikataa bidhaa yenye THC hata chembe.
- Texas, bunge lilipitisha marufuku mwaka 2025, lakini Gavana Greg Abbott akaikataa Juni.

Kwa hivyo mzigo ulionunuliwa kwa haki Minnesota ungeweza kumfunga mtu Idaho.

4. Shimo kuzibwa
Novemba 2025 sheria mpya ya Marekani nzima ilitiwa sahihi: THC za aina zote zihesabiwe, na pakiti moja isizidi miligramu 0.4. Ilipangwa kuanza baada ya mwaka mmoja, Novemba 2026.

5. Na sisi je?
Kenya inakataza bangi kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994. Risiti ya Marekani haitakutetea kortini. Kikundi kisipokee mzigo huo, wala pesa za wanachama zisiingizwe humo. Tena tuchunge watoto: mtoto haoni tofauti na peremende ya kawaida. Akila, mpelekeni hospitali haraka, na pakiti muibebe.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini kipimo kimoja hakikutosha kuilinda sheria?
2. Kabla ya kuuza bidhaa ya kutoka nje, kikundi chetu kiulize nani?
3. Mwanachama akileta mzigo kama huu, katiba yetu inasema nini?