SOMO: KUBADILISHA UFUNGUO WA ZAMANI WA GHALA LA MAFAILI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanajulishwa kuwa somo la toleo hili linahusu ghala la mafaili la pamoja, yaani kompyuta kadhaa zilizo mahali mbalimbali zinazotunza kumbukumbu kana kwamba ni kabati moja.

Tuchukue mfano wa Nachingwea na Ruangwa, wilaya jirani katika Mkoa wa Lindi. Tuseme ofisi za huko zimeamua kutunza kwa njia hiyo orodha za wakulima wa korosho na ufuta pamoja na majalada ya ardhi. Karani aliye Ruangwa atafungua jalada lililoko Nachingwea bila kusafiri, kama ambavyo ofisi ya Pemba ingefungua la Unguja. Je, seva ya Nachingwea itajuaje kwamba anayeomba ni karani kweli?

Katika programu ya AFS, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, miaka ya 1980, mtumiaji hupewa hati ya utambulisho iliyofungwa kwa ufunguo wa siri ambao seva zote za mafaili zinao. Hati huaminiwa kwa sababu hiyo tu. Basi atakayeupata ufunguo huo hahitaji neno la siri la mtu yeyote. Atajiandikia hati kwa jina la karani, la mhasibu, hata la msimamizi mkuu, na jina la mwenye shamba litabadilika bila mlango kuvunjwa.

Kwa miaka mingi ufunguo huo ulikuwa wa aina ya DES, iliyofanywa kipimo rasmi cha Marekani mwaka 1977, wenye urefu wa biti 56. Mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation lilitengeneza mashine iliyoufumbua kwa saa 56 kwa kujaribu funguo moja baada ya nyingine. Hata hivyo AFS ilibaki nao hadi Julai 2013, ndipo watunzaji wa OpenAFS walipotoa onyo pamoja na toleo linalokubali funguo imara zaidi, kama za AES. Miaka 15 ni mingi mno kwa kufuli lililojulikana kuwa bovu.

Kazi ya kubadilisha ina utaratibu wake. Kwanza seva zote, za wilaya zote mbili, zipewe toleo jipya. Kisha ufunguo mpya uwekwe katika kila seva kabla hati mpya hazijaanza kutolewa. Vinginevyo seva iliyoachwa nyuma itawakataa watumishi halali, na wananchi watapanga foleni dirishani bila kuhudumiwa. Hati za zamani zikiisha muda wake, ufunguo wa zamani ufutwe. Hapa ndipo wengi husahau, maana kazi huwa inaendelea vizuri. Lakini seva inayokubali funguo zote mbili bado hufunguka kwa ule dhaifu.

Ieleweke pia kwamba marekebisho ya 2013 hayakuimarisha ufichaji wa mafaili yakiwa safarini. Majalada ya siri baina ya wilaya yapitishwe katika njia nyingine iliyofungwa.

Msimamizi aandike katika daftari tarehe ambayo ufunguo wa zamani ulifutwa, si ile tu ambayo mpya uliwekwa.