Posho ya Vijana Australia: Jinsi ya Kuiomba Bila Woga

Kila mwaka, muhula wa mwisho unapokaribia kuisha hapa Shepparton, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa jumuiya yetu ya Wakongo. Swali huwa moja: dada, ile hela ya wanafunzi ya Centrelink, ofisi ya serikali inayolipa misaada, inaombwaje? Niliipokea nikisoma uuguzi, nikaipokea tena upande wa watafuta kazi nilipomaliza, na tangu hapo nimekaa na vijana wengi mbele ya skrini tukijaza maombi. Naandika hapa yale ninayowaambia, nikianza na jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote.

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, tulizoea kupokea kilichogawiwa na kushukuru. Jina lisipotoka kwenye orodha, unarudi nyumbani na ndoo yako. Tabia hiyo tumekuja nayo. Naiona kwa vijana wenye akili nzuri kabisa: barua ya kukataliwa inafika, wanaikunja, wanarudi kuchuma mapeasi. Lakini Youth Allowance, yaani posho ya vijana, haitolewi kwa huruma ya mtu. Imo kwenye sheria tangu 1998. Ukitimiza masharti unalipwa, na ukikataliwa una haki ya kuuliza sababu. Shika hilo kabla hujafungua kompyuta.

Upande wa wanafunzi, posho ni ya wenye miaka 18 hadi 24 wanaosoma muda wote. Wa miaka 16 au 17 nao wanaweza kuingia wakiwa wamemaliza darasa la 12, wanajitegemea kisheria, au wamelazimika kuishi mbali na nyumbani ili wasome. Upande wa watafuta kazi unaishia miaka 21; ukifikisha 22 unahamia malipo ya JobSeeker. Ukianza masomo ukiwa na miaka 25 au zaidi, malipo yako yanaitwa Austudy. Kwenye viza, sisi tulioingia kwa njia ya ukimbizi hatuna muda wa kusubiri, ilhali wahamiaji wengine wengi wenye ukaazi wa kudumu husubiri miaka 4. Ndugu zetu Wakenya na Watanzania waliokuja kwa viza ya mwanafunzi hawaipati kabisa, basi msiwapotezee muda kwa kuwashauri waombe.

Mwanafunzi anaweza kuwasilisha maombi hadi wiki 13 kabla masomo hayajaanza. Tumia nafasi hiyo. Januari na Februari foleni za simu ni ndefu na kila mtu anaomba kwa pamoja. Utahitaji akaunti ya mtandaoni ya myGov iliyounganishwa na Centrelink kwa namba yako ya mteja, ile yenye tarakimu 9 na herufi moja. Wengi mnayo tangu familia ilipofika. Itafute kwenye barua za zamani za mama. Weka tayari pia namba ya mlipakodi, akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe, na uthibitisho wa kujiandikisha chuoni.

Hapa kwenye majina ndipo maombi mengi ya watu wetu hukwama. Kwenye viza jina la babu limetangulia, chuoni umeandika jina la ubatizo kwanza, benki wakakata moja. Kwa mfumo, hao ni watu watatu. Kabla ya kuomba, tandaza karatasi zote mezani, chukua viza iwe ndiyo kipimo, halafu warekebishe chuo na benki waifuate. Tarehe ya kuzaliwa ni hivyo hivyo. Wengi wetu tuliandikiwa 1 Januari kambini kwa sababu hakukuwa na cheti. Hata kama mama anakumbuka ulizaliwa msimu wa mvua za masika, umri unaohesabiwa ni ule wa kwenye karatasi, na siku hiyo ndiyo itakayohesabiwa ukifika miaka 22 au 25.

Jambo la pili linalotuchanganya ni wazazi. Usipokuwa na sifa ya kujitegemea, kipato cha wazazi hupimwa: kikivuka kiwango fulani, posho hupungua senti 20 kwa kila dola iliyozidi. Mzazi anayeishi kwa malipo ya msaada wa kipato hapimwi hivyo. Mzazi mwenyewe ndiye anayejaza fomu ya taarifa zake, na fomu hiyo isipofika, maombi yako yanasimama hata kama wewe umekamilisha kila kitu. Sasa, kwetu mama mdogo ni mama, na shangazi aliyekulea ni mzazi. Centrelink wanauliza kwanza mzazi wa damu au wa kuasili, kisha mtu mwingine unayemtegemea kwa kiasi kikubwa. Kijana mkimbizi ambaye wazazi wake hawako Australia, na ambaye hategemei mtu mwingine kwa muda mrefu, anaweza kuhesabiwa anajitegemea. Nimewaona vijana wa namna hii wakiandika jina la mama mdogo kwenye nafasi ya mzazi kwa heshima na upendo, kisha kipato chake cha kiwandani kikapimwa bure. Mweleze ofisa ukweli wote wa nyumbani kwenu: nani alikuzaa, yuko wapi, unaishi na nani, nani analipa nini. Hapo humkani aliyekulea.

Kuna pia ruzuku ya familia ambayo mama hupokea kwa ajili yako. Vijana wetu wengi walichelewa kuanza shule, kwa hiyo wanatimiza miaka 18 wakiwa bado sekondari. Katika hali hiyo haiwezekani mama apokee ruzuku kwa ajili yako na wewe upokee posho. Ni moja au nyingine. Nyumbani kwetu tulikaa mezani na mama, tukachora safu mbili kwenye daftari: nyumba itapoteza nini upande wake, itapata nini upande wangu, na nani atanunua chakula. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kubonyeza kitufe. Najua familia ambazo kijana aliomba kimya kimya, malipo ya mama yakakatwa, na ugomvi uliofuata ulikuwa mchungu kuliko hela yenyewe.

Mkizungumza na Centrelink kuhusu mambo kama haya, tafadhali msimtume mdogo wenu wa darasa la sita awe mkalimani. Piga 131 202, omba Kiswahili, ni bure. Mtoto hapaswi kutafsiri habari za madeni ya mama yake.

Malipo yakishaanza, kazi inayobaki ni kutoa taarifa. Ukiwa na kibarua, kila wiki mbili unaeleza ulicholipwa ndani ya siku hizo 14. Andika kiasi kabla ya kodi kukatwa, tena kilicholipwa katika kipindi hicho, si ulichofanyia kazi ukasubiri kulipwa wiki ijayo. Mara nyingi mfumo unakuonyesha kiasi kilichotumwa na mwajiri kupitia ofisi ya kodi. Usikubali tu, linganisha na hati ya mshahara mstari kwa mstari. Saa za Jumapili zenye malipo ya juu ndizo hukosewa.

Msiogope kufanya kazi. Mwanafunzi ana benki ya kipato: kipindi ambacho hukupata kitu, au umepata chini ya kiwango kinachoruhusiwa, sehemu uliyobakiza inawekwa kama akiba kwenye hesabu yako, hadi kikomo fulani. Msimu wa matunda ukifika, nawe uko likizo, unaweza kufanya kazi zaidi kabla posho haijaanza kupunguzwa. Kwa sisi wa Goulburn Valley, bonde hili la Shepparton, ambako mapeasi yanaiva wakati vyuo vimefungwa, hili ni jambo kubwa.

Ndani ya siku 14 watajie pia mabadiliko mengine: umehama, umeoa au kuolewa, umeacha somo. Kwa kawaida kusoma muda wote ni angalau asilimia 75 ya mzigo kamili, hivyo kuacha somo moja gumu katikati ya muhula kunaweza kukutoa kwenye malipo. Ukitaka kwenda Bujumbura au Nairobi kumwona bibi, sema kabla ya kupanda ndege. Taarifa za uwanja wa ndege huwafikia.

Kwa watafuta kazi nitasema kidogo. Unakubaliana mpango wa kazi, unahudhuria miadi, unatimiza ulichoahidi. Usipoweza kwenda, piga simu kabla ya saa ya miadi, maana ukikosa bila taarifa malipo yanaweza kusimamishwa. Vijana wa miaka 15 hadi 24 wana huduma yao, Transition to Work, na kwa uzoefu wangu wafanyakazi wake wana subira kuliko wale wa huduma ya kawaida. Iulizie kwa jina.

Hati za mshahara zitunze zote, kwa miaka. Kati ya 2015 na 2019 serikali ilichukua kipato cha mwaka mzima kutoka ofisi ya kodi, ikakigawanya sawasawa kwa kila wiki mbili, na kuwatumia watu madeni ambayo wengi hawakuwa nayo. Utaratibu huo uliitwa Robodebt. Ulikuwa kinyume cha sheria, uliwagusa watu zaidi ya 400,000, na Julai 2023 tume ya uchunguzi iliuanika hadharani. Waliobanwa zaidi ni wenye kazi za msimu na vibarua, watu ambao kipato chao hupanda na kushuka, yaani watu kama sisi. Wengi walilipa kwa hofu tu.

Kwa hiyo ukipata barua ya kukataliwa au ya deni, usiikunje. Omba kwanza waeleze kwa maneno sababu ya uamuzi. Kama hukubaliani, omba uamuzi upitiwe upya na ofisa mwingine. Fanya hivyo ndani ya wiki 13, kwa sababu ukishinda ndani ya muda huo unaweza kulipwa tangu tarehe ya mwanzo. Akikataa naye, kuna baraza la rufaa, Administrative Review Tribunal, lililoanza Oktoba 2024. Hulipi kitu, mkalimani unapewa, na vituo vya msaada wa sheria vya jamii vinakushauri bila malipo. Hakuna anayekuondoa nchini wala kukata posho ya mama yako kwa sababu umeuliza. Narudia hili kila mara, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini.

Na kila unapowapigia, kabla hujakata simu, omba namba ya risiti ya mazungumzo. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, saa na ulichoambiwa, na daftari hilo likae mahali pamoja na hati za mshahara.